Pikapu Iliyofukizwa Udi

Kila asubuhi, akishatoka chuoni kusoma Kurani na kabla kengele ya shule haijalia, Hadjira alipita kwanza karakanani kwa baba yake. Mtaani kwao Mahabibo, mjini Mahajanga, watu walimwita "fundi mdogo", naye jina hilo lilimvimbisha kichwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alizijua spana zote.

Mwaka huo, wa tatu tangu nchi ipate uhuru, karakanani kulikuwa na pikapu ya Pijo iliyoundwa kabla hata mama yake hajaolewa. Baba yake, Fundi Mroivili, aliinunua ikiwa kuukuu, kuku wakitaga chini ya boneti. Kiangazi kizima baba na mwana waliishughulikia. Injini ilifunguliwa ikafungwa, breki zikatengenezwa, bodi ikanyooshwa na kupakwa rangi ya kijani iliyong'aa hata wapita njia wakawa wanasimama kujitazama kwenye mlango wake na kurekebisha kofia zao.

"Tutaiuza kiasi gani, Baba?" Hadjira aliuliza.

"Gari la zamani halina bei dukani, mwanangu. Bei yake unaitafuta mwenyewe. Uliza kwanza wenzake wa rika moja wanauzwaje. Kisha sikiliza injini, lala chini utazame chasi, kagua matairi. Ongeza kazi uliyoifanya, toa kila kilichobaki kibovu. Rangi itazame mwisho. Rangi ni kilemba tu."

Kwa hesabu hiyo, pikapu ilistahili faranga laki moja na nusu. Nyumba nzima ilifurahi, na si bure. Shangazi Ansoifa alikuwa anaolewa kisiwani Nosy Be, na Baba alikuwa ametoa ahadi: "Ikipita laki na ishirini, tutapanda meli sote. Ikipungua hapo, nitakwenda peke yangu, niwaletee halua."

Hadjira hakutaka halua. Alitaka ngoma, nyimbo, na kumwona shangazi yake amepakwa liwa usoni, amekaa kama malkia.

Mnunuzi akapatikana. Alikuwa Bi Kouraichia, mfanyabiashara wa Nosy Be, aliyetafuta gari la kubebea maua ya mlangilangi kutoka mashambani hadi kiwanda cha mafuta ya manukato. Alituma salamu kwamba angefika Mahajanga kwa meli ya Alhamisi.

Jumatano Hadjira alipewa kazi ya kusugua mbao za nyuma kwa majivu na ndimu. Alisugua kwa nguvu zake zote. Lakini jua la mchana lilipozichoma zile mbao, harufu ikapanda: uduvi! Mwenye gari wa kwanza alikuwa mchuuzi wa uduvi, na miaka yote hiyo mbao zilikuwa zimelewa chumvi na maji yake. Baba hakunusa kitu, maana pua yake ilikwisha kufa kwa petroli. Hadjira alimtazama, akafungua mdomo, akaikumbuka harusi, akaufunga.

Alhamisi, Baba alipokwenda bandarini kumpokea mgeni, Hadjira alichukua chetezo cha mama yake, akatia makaa na udi mwingi. Akakiweka nyuma ya pikapu chini ya turubai, kisha akakihamishia ndani penye viti na kufunga milango.

Mdogo wake Zoubeir alisimama akishangaa. "Dada, gari linaolewa?"

"Nyamaza wewe! Linapokea mgeni."

Bi Kouraichia alifika amejifunga shuka lake la shiromani, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Watoto walimwinamia wakimwamkia kwa lugha ya kwao, "Kwezi, Bi," naye akaitikia, "Mbona, wanangu." Aliizunguka pikapu. Akalala chini, shiromani na yote, akatazama chasi. Injini ilipowaka papo hapo, akapiga makofi.

"Kizuri chajiuza! Laki moja na nusu, Bi," alisema Baba kwa fahari.

Kisha Bi Kouraichia akafungua mlango, akaketi. Kicheko kikakatika. Pua yake ikacheza kushoto na kulia.

"Fundi," alisema taratibu, "pua hii ndiyo inayonilisha. Inajua ua lililochumwa leo na lililochumwa jana. Gari hili limefukizwa. Kwetu tunamfukizia bibi harusi, tunamfukizia mgeni. Gari linafukiziwa nini?"

Baba alikodoa macho. "Wallahi sijui, Bi."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Kama fundi mwenyewe hajui, labda lilizama mtoni, labda liliungua, labda kuna kitu kimeoza mahali nisipopaona. Siwezi kujua nipunguze kiasi gani, basi napunguza kingi. Elfu tisini, wala siongezi."

Elfu tisini! Hadjira alihisi meli imeng'oa nanga bila yeye. Alijua sasa kwamba udi wake ndio ulioila ile pesa, na baba yake alikuwa amesimama pale akionekana mwongo mbele ya mgeni. Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi.

"Bi," alisema, "gari halikuzama wala halikuungua. Ni uduvi."

"Uduvi?"

"Mbao za nyuma zilibeba uduvi. Jua likiwaka zinanuka. Baba hajui. Mimi nilifahamu jana, nikanyamaza, leo nikafukiza. Nilitaka twende harusini sote."

Bi Kouraichia akashuka, akafunua turubai, akainamisha pua juu ya ubao. Alipoinuka machozi yalikuwa yakimtoka kwa kucheka.

"Ni kweli, uduvi mtupu! Maua yangu yakilala hapa, wanawake wa ng'ambo watajipaka mchuzi!" Akamgeukia Baba. "Fundi, mbao mpya za sakafu yote ni kiasi gani?"

"Elfu kumi, Bi. Na kazi ya kuzipigilia naifanya bure, kwa kuwa kosa limetoka nyumbani kwangu."

"Ulisema laki na nusu. Toa elfu kumi, nakupa laki na arobaini. Lakini misumari aipigilie fundi huyu mdogo, nami nimwone."

Zoubeir aliruka hata kofia ikamwanguka.

Wakati Hadjira akikusanya misumari, Bi Kouraichia alimshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Kasoro ikitajwa hupata bei yake, na mara nyingi huwa ndogo. Ikifichwa, mnunuzi huipa bei ya hofu yake, na hofu ni ghali. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alasiri yote Hadjira alipigilia. Alijigonga kidole, akacheka, akaendelea. Mbao za zamani zilitupwa uani, na paka wote wa Mahabibo wakaja kuzilalia. Mama alipouliza udi wake umekwenda wapi, hakuna aliyethubutu kujibu isipokuwa Hadjira, naye akaambiwa aoshe vyombo mpaka siku ya safari.

Safari ikafika. Familia nzima ilipanda meli pamoja na pikapu. Iliposhushwa gatini Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, watu wakaizunguka. Mfanyabiashara mmoja akagonga boneti, akamuuliza Bi Kouraichia, "Ni nzima hii, au wamekupaka rangi machoni?"

"Muulize yule msichana," alijibu Bi Kouraichia.

Macho yote yakamgeukia Hadjira. "Injini ni nzima na chasi ni nzima," alisema kwa sauti ya wazi. "Lakini dirisha la kushoto hukwama likipata mvua. Bi anajua, tulimwambia."

Yule mtu akamtazama kidogo, kisha akamsogelea Baba. "Fundi, nina lori langu Andilana, nimelikatia tamaa. Ukimaliza harusi, njoo ulitazame. Na uje na huyu binti."

Baba alisubiri hadi mtu yule alipokwenda zake, ndipo akauweka mkono wake mzito kichwani mwa mwanawe. "Rangi, mwanangu, niliitia bei. Matairi niliyatia bei. Neno lako la kweli sikulihesabu kabisa, kumbe ndilo lililoleta kazi nyingine."