Mshale wa Mita ya Bule

Wa kwanza kuisimulia habari hii ni shangazi yangu Darmi, mwaka 1974, baada ya mazishi ya mumewe Halkano. Kabla ya hapo hakuna aliyemsikia akiitaja.

Mwaka 1956 Halkano alikuwa fundi wa redio na betri za malori hapo Garsen. Jioni moja ya kiangazi, Darmi akitia taa mafuta, mgeni alisimama mlangoni na mita ya kupimia umeme, ile ya kisanduku cheusi yenye kioo na mshale.

"Ya marehemu ndugu yangu Bule," alisema. "Yule aliyezama kivukoni wiki iliyopita. Safisha, fundi. Narudi sasa hivi."

Alipoondoka, kizingiti kilikuwa na nyayo za maji.

Halkano alifungua skrubu. Ndani mlijaa mchanga wa mto. Alisugua kutu kwa mafuta ya taa mpaka shaba ikang'aa. Mchanga kidogo ulibaki chini ya mshale, mahali ambapo kwa kawaida alifagia kwa unyoya wa kuku. Unyoya haukuonekana. Akainamisha mdomo.

"Usipulize," Darmi alisema. "Kitu cha aliyezama hakipewi pumzi kabla ya arobaini."

"Mwiko huo ni wa nguo na mikeka. Hii ni mashine. Au nayo utaivisha sanda?"

Akapuliza.

Mshale ukapanda.

Hamkuwa na betri ndani. Nyaya zilikuwa zimelala mezani, hazijagusa kitu. Mshale ukapanda, ukashuka... ukapanda, ukashuka. Darmi akatazama kifua cha mumewe. Vilikwenda pamoja.

Halkano akabana pumzi. Mshale ukasimama. Akatabasamu, kama anayesema, umeona, imenizoea.

Kisha mshale ukaanza kushuka wenyewe, polepole, kuelekea sifuri.

Naye hakuweza tena kuvuta pumzi.

Tabasamu lilikuwa bado usoni. Puani yakamtoka maji... maji yenye mchanga.

Darmi aliinyakua mita, akaipulizia kwa nguvu zake zote.

Mshale ukatikisika. Ukapanda. Halkano akakohoa tope, akaanguka sakafuni akihema.

Harufu ya mto ikaingia. Mgeni alikuwa mlangoni. Akainama, akachungulia kioo.

"Sasa iko na watu wawili," alinong'ona. "Mimi nilitaka mmoja."

"Huichukui," Darmi alisema.

"Basi kaa nayo, dada. Mimi nangoja."

Hakurudi. Baadaye, huko Tarasaa, mama yake Bule alimwambia Darmi kwamba hakuwahi kuzaa mtoto mwingine, na kwamba mwili wa Bule haukupatikana.

Mama huyo amekwisha kufariki. Siku aliyofariki Halkano, mshale ulishuka hadi katikati ya kioo, na tangu hapo haupandi zaidi. Shangazi Darmi yu hai, tunaishi naye Garsen. Mita iko juu ya kabati lake. Vumbi lake tunalifuta kwa kitambaa, tumefunga midomo.

Yule mgeni sijui nimwandike upande upi, wa walio hai au wa waliokufa.