Nilifurahi Aliponyamaza

Mume wangu ni mwokaji mikate. Anafanya kazi usiku, analala mchana. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu naifanyia hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele. Kati ya cherehani yangu na kitanda chake kuna ukuta mmoja mwembamba. Usingizi wake naujua vizuri kuliko wangu.

Anakoroma, tena si mchezo. Mabinti zetu pacha walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu.

"Baba amewasha trekta," anasema mmoja.

"Limekwama kwenye tope," anajibu mwenzake.

Wateja nao walicheka. Nami nilicheka.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Akikoroma, mimi nashona, maana hata ningepiga ngoma asingesikia. Akinyamaza, naondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Naweka kidole mdomoni kuwaashiria watoto: kimya, baba usingizi umemkolea. Tunatulia. Baadaye kidogo anashtuka kwa mkoromo mkubwa, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, nami naendelea kushona. Niliona kufanya hivyo ni kumpenda.

Mwaka juzi mambo yalianza kuharibika. Alikuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kichwa kinamuuma, mdomo umekauka. Anasinzia akila, kijiko mkononi. Alinenepa, hasa tumbo na shingo. Kazini, ili asisinzie mbele ya tanuri, alikunywa soda chupa nne au tano kila zamu, na mikate ya moto juu yake.

Haikusaidia. Siku moja alisinzia amesimama, trei sita za mikate zikaungua. Msimamizi wake hakuuliza chochote. Alisema mbele ya wenzake wote, "Mzee, pombe na tanuri haviendi pamoja."

Mume wangu hajawahi kuonja pombe maishani mwake.

Kisha akaanza kuumwa upande wa kulia, chini ya mbavu. Alienda zahanati, akapimwa damu, akapigwa picha ya tumbo. Daktari akamwambia ini lake limejaa mafuta.

"Unakunywa chupa ngapi kwa siku?" daktari aliuliza.

"Sinywi pombe, daktari."

"Sema kweli, mzee wangu. Ini halidanganyi."

Nje foleni ilikuwa ndefu, na daktari alikuwa peke yake. Alimpa tarehe ya kurudi, akaita mgonjwa mwingine.

Sasa niseme la aibu. Mimi pia sikumwamini. Macho mekundu, usingizi kila saa, na sasa ini. Alipolala nilimwinamia nikamnusa mdomo. Nilipekua mifuko ya koti lake la kazi, nikakuta unga mtupu. Hata hivyo sikutosheka. Siku moja hasira zilinipanda, nikamwambia, "Baba Pacha, kama unakunywa niambie. Nisije nikawa wa mwisho kujua."

Hakugomba.

"Hata wewe?" alisema, kisha akaenda kulala.

Tangu siku hiyo alikata tamaa. Tarehe ya kurudi zahanati ikapita. Nilipomkumbusha, alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini.

"Nikafanye nini? Wakaniulize tena chupa ngapi?" alisema. "Mama Pacha, mimi nimekwisha. Nausikia mwili unazimika. Ukiona siku moja sikuamka, usilie sana."

Akainuka, akaondoka. Mimi nikalia siku hiyo hiyo, na siku zilizofuata. Nilishona nguo za watu huku nikijiona tayari ni mjane.

Wiki mbili baadaye alikuja muuguzi mmoja, mteja wangu, kuchukua sare yake. Pindo lilikuwa halijaisha, akakaa kwenye stuli kusubiri. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nyuma ya ukuta mume wangu alikuwa anakoroma kama kawaida. Mara mkoromo ukakatika, nami nikaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mbona umeacha?" aliuliza muuguzi.

"Shii. Amenyamaza. Sasa ndiyo anapumzika."

Muuguzi akatega sikio. Akaishika saa aliyoibana kifuani, akaanza kuitazama.

"Hapumziki, Mama Pacha. Hapumui."

"Sista, usinitishe."

"Kumi na mbili. Kumi na tatu. Twende."

Tuliingia chumbani. Mume wangu alikuwa amelala chali. Kifua na tumbo vilikuwa vinavutana, lakini hakukuwa na sauti. Niliweka kiganja mbele ya pua yake. Hewa haikutoka wala kuingia. Midomo yake ilikuwa imefifia rangi. Muuguzi alihesabu hadi thelathini na moja. Ndipo mume wangu akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kukoroma. Hakufumbua hata macho.

Tulisimama pale dakika kumi. Pumzi ilikatika mara sita.

Nilikaa sakafuni. Miaka yote ile, kila pumzi yake ilipokatika, mimi nilihimiza watu wakae kimya asije akaamka. Kama kungekuwa na shimo, ningejitumbukiza.

"Huu ni ugonjwa," muuguzi aliniambia tuliporudi mbele. "Akilala, nyama za koo zinalegea na njia ya hewa inaziba. Ubongo ukiona hewa haiji, unamshtua. Anavuta pumzi, analala, koo linaziba tena. Anashtuka hivyo mara nyingi mno na mwenyewe hajui. Mtu wa namna hiyo asisinzie kwenye tanuri kwa nini?"

"Na ini lake, Sista? Zahanati walisema limejaa mafuta. Ini lina uhusiano gani na koo?"

"Upo uhusiano. Kila pumzi ikikatika, oksijeni kwenye damu inashuka. Akishtuka inapanda. Inashuka, inapanda, kutwa nzima. Ini linaumia kwa hali hiyo. Tena mwili unashindwa kuitumia sukari vizuri, na mafuta yanajaa kwenye ini. Unene nao unaongeza nyama shingoni, koo linaziba zaidi. Magonjwa haya mawili yanasaidiana kumuumiza mtu."

"Bila pombe?"

"Bila hata tone. Wapo wengi wenye ini la mafuta ambao pombe hawaijui. Si kila anayekoroma anaumwa hivi, lakini huyu lazima apimwe."

Alichukua karatasi, akaandika yote aliyoyaona: saa, sekunde, idadi. Akasaini chini.

Mume wangu alipoamka nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo unaniamini kwa sababu Sista amesema," alisema.

Sikuwa na pa kukimbilia. "Ndiyo," nilijibu. "Nisamehe."

"Leo sina nguvu ya kusamehe, Mama Pacha. Labda kesho."

Hospitali kubwa alikubali kwenda, lakini si kwa sababu alikuwa na matumaini. Alikwenda kwa sababu karatasi ile ingesema kwa niaba yake. Aliishika mkononi njia nzima.

Walimfunga mikanda ya vipimo kifuani, wakambana kifaa kidogo kidoleni, wakamwacha alale. Majibu yakasema pumzi yake inakatika mara thelathini na nane kila saa. Ini nalo lilipimwa upya. Mafuta ni mengi, na makovu yameanza.

"Mafuta yanaweza kupungua," daktari wa pale alisema. "Makovu siwezi kukuahidi. Tutayafuatilia."

Alitueleza la kufanya. Alale ubavu, si chali. Soda aache kabisa, mkate apunguze, atembee kila siku. Asinywe dawa za usingizi wala pombe, maana zinalegeza koo. Na atahitaji mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Mashine za kuazima zilikuwa chache, kwa hiyo tungesubiri miezi mitatu.

"Mashine inalifungua koo tu," daktari alisisitiza. "Ini linataka uzito upungue. Usifanye moja ukaacha jingine."

Miezi mitatu ile sipendi kuikumbuka. Nilishona kidogo sana. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, na kila aliponyamaza nilimsukuma. Yeye alitembea, akarudi amechoka, akalala, nikamsukuma tena. Kuna siku aliniambia, "Niache tu." Sikumwacha.

Mashine ilipokuja, wiki ya kwanza aliivua kila siku na kuitupa pembeni. "Hata kulala nimeshindwa!" alisema. Muuguzi alikuja akalegeza mikanda, akambadilishia barakoa iliyomtosha pua. Siku ya tisa alilala saa sita mfululizo. Aliamka, akakaa kitandani, akauliza leo ni siku gani.

Baada ya miezi kumi alikuwa amepunguza kilo kumi na moja, kutoka mia na kumi na mbili. Kwa barua ya daktari alihamishiwa zamu ya mchana, kufungasha mikate. Kichwa kiliacha kumuuma. Msimamizi hakuomba radhi. Alisema tu, "Umependeza siku hizi, mzee."

Tulirudi hospitali kupiga picha nyingine ya ini. Mafuta yalikuwa yamepungua sana. Makovu yalikuwa pale pale, hayakuongezeka wala kupungua. Daktari alisema ini lake litahitaji kuangaliwa maisha yake yote, na mashine asiiache.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Nilidhani atafurahi, lakini alianza kulia, mtu mzima, mbele za watu.

"Muda wote ule nilijua mimi ni mvivu," alisema. "Nilijichukia, Mama Pacha. Nilikuwa naomba nikilala nisiamke."

Nilimsogelea.

Akajifuta uso kwa kiganja. "Sasa nimesikia habari ya makovu, nimeogopa. Siku hizi naogopa kufa."

Nikamshika mkono, tukaenda dirisha la mapokezi kuandikisha tarehe ya kurudi.