Mwisho wa Ile ya Mapacha

Kiti cha Mama kilikuwa na joto. Fundi aliinama kuokota kipande cha kitambaa kilichoanguka, mkono ukagusa mto wa kile kiti, akaurudisha haraka. Wageni wa msiba walishaondoka, na hakuna aliyekikalia tangu mwenyewe azikwe. Akajiambia ni jua la dirishani. Dirisha lilikuwa upande mwingine kabisa, lakini siku hizo alikuwa mwepesi wa kujidanganya.

Alikuwa akishona nguo za watu sebuleni kwake: cherehani ukutani, runinga upande wa pili, na katikati kiti cha mama yake. Presha ya macho ilipompofusha Mama, Fundi alimshika mikono akamwambia, "Usihuzunike, Mama. Macho yangu ni yako." Maneno matamu hayo, na kwa muda mrefu aliyatimiza. Jioni tamthilia zikianza, zile za lugha za mbali zenye tafsiri iliyoandikwa chini, alisoma na kusimulia huku anashona. "Kafungua mlango. Kamwona mdogo wake. Hajasema kitu, ila mdomo unamtetemeka."

"Kavaa nini?"

"Rinda la bluu."

"Jipya?"

"Jipya, Mama."

"Kaachwa na mume juzi, nyumba imeuzwa, rinda jipya kalitoa wapi? Hawa watunzi hawajawahi kulala njaa."

Mama alikuwa na maoni, jamani. Filamu za mapigano hakuzitaka, kwa sababu watu wanarushwa madirishani na hakuna anayefagia vioo. Mwigizaji akilia, alimsikiliza kwanza, kisha akatoa hukumu: "Huyu analia kwa pua tu. Moyoni hamna kitu." Iliyomkamata kweli ni ile ya mapacha, wasichana waliotenganishwa wachanga, mmoja akatupwa ng'ambo ya mto, na mama yao miaka yote anamtafuta. Hiyo aliipenda mpaka akawa anaiota.

Sasa, Fundi naye aliipenda, na alitaka japo mara moja aitazame kimya kama watu wengine, bila nani kaingia, bila kavaa nini. Jioni moja kachoka, sare za shule zimemjaa mezani, ulimi ukamponyoka. "Mama, yule pacha wa ng'ambo kazama mtoni. Imeisha."

Mama alimgeukia. "Imeisha vibaya hivyo?"

"Ndiyo hivyo, Mama."

Tangu hapo runinga ikawa inazimwa mapema, na Fundi anaitazama ile ya mapacha kwenye simu, hedifoni masikioni, palepale kwenye cherehani, mama yake amekaa karibu kiasi cha kumgusa. "Mbona cherehani imenyamaza?" Mama aliuliza. "Natunga uzi," alijibiwa. Uzi gani unatungwa jioni nzima, hilo Mama hakuuliza. Aliuliza jingine, tena na tena, uso umeuelekea ukuta: "Kweli hakuna hata mmoja aliyemfuata kule mtoni?" Fundi alipanga kumwambia ukweli kazi zikipungua. Mama akafa usingizini, kazi bado zimejaa mezani.

Kaka yake, dereva wa lori, alibaki pale baada ya msiba ili asimwache peke yake. Jua lilikuwa linazama, wako jikoni wanakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Nani anakohoa sebuleni?"

"Hakuna mtu sebuleni."

"Dada, nimesikia."

"Na mimi nilisikia jana," akanong'ona. "Harufu je, unaisikia?"

Ilikuwa harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi, na pasi ilikuwa kabatini, baridi. Fundi alikwenda sebuleni akawasha runinga ili pawe na sauti za watu, akarudi kwenye cherehani na kukanyaga, macho kwenye pindo, asitazame kile kiti, lakini pembeni mwa jicho aliona mto ukididimia taratibu, unavyodidimia mtu mzima anapojishusha kwa kuogopa magoti yake, na ile harufu ikamjia usoni, na mguu ukakwama juu ya kanyagio, na cherehani iliponyamaza sauti ya mama yake, ileile, ikauliza kutoka kitini, "Kavaa nini?"

Kaka mtu alimleta mganga, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Alikaa sakafuni, mbali na kiti, akauliza marehemu alikuwa anapenda nini. Hapo Fundi akalia, akasema yote: uongo wa mtoni, hedifoni, uzi.

"Mama yako kapumzika," mganga alisema. "Aliyekaa hapo ni jini. Jioni zote hizo alikuwa nyuma ya kiti, anasikiliza naye. Ulipomdanganya mama yako, ulimdanganya na yeye. Na ile ahadi aliisikia."

"Ahadi gani?"

"Ya macho."

Fundi alijishika mashavu.

"Msimulie mwisho," mganga akasema. "Wa kweli. Usipunguze, usiongeze. Akiridhika anaondoka. Ukimdanganya tena, atachukua alichoahidiwa."

Jioni ileile mganga na kaka mtu wakasubiri nje ya mlango, na Fundi akaiwasha ile ya mapacha pale alipomkatishia Mama. Hakuzama yule msichana, akasimulia, wavuvi walimtoa, akaugua, akapona, akaanza kuuliza njia ya kwao. Kiti kilisikiliza. Kilitoa maoni pia, kwamba wavuvi hao wana viatu visafi mno, kwamba daktari yule ni mwongo, na kila ilipokuja ile sauti nywele zilimsimama, na bado, aibu ilioje, kuna mahali alitaka kucheka, maana ndivyo Mama angesema, na alikuwa amemkumbuka mno.

Karibu na alfajiri ikafika sehemu ya mwisho, ambayo alikwisha kuiona peke yake. Yule pacha wa ng'ambo anafungua mlango wa nyumba ya mama yake.

"Nani kaingia?"

"Pacha."

"Mama yake yuko wapi?"

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Maneno ya chini yalisema: tumemzika asubuhi, alikuulizia mpaka mwisho. Fundi aliyasoma kwa macho, akayasoma tena, kwani angeyatamkaje maneno yale mbele ya kiti kile, kwa sauti ileile aliyomwambia nayo Mama kwamba imeisha, na Mama akaamini, akafa anaamini.

"Yuko kitandani," akasema, machozi yanamtoka. "Anamkumbatia. Anamwambia amemsamehe."

Kwenye runinga majina ya waigizaji yakaanza kupita.

"Asante, mwanangu," kikasema.

Harufu ikaondoka. Mto ulikuwa baridi. Mganga aliingia, akaugusa, akamtazama Fundi usoni. "Umesema kweli yote?"

"Nimesema."

Kaka yake alirudi kwenye lori lake kwa moyo mweupe. Fundi akarudi kwenye sare zake, na jioni akaanza tena kuwasha tamthilia, mpya hii, ya familia ya wapishi. Alikuwa anapinda mkono wa shati umeme ukakatika. Giza tupu. Akangoja macho yazoee. Akangoja tena. Ndipo akatambua kwamba runinga haijanyamaza: watu wanaongea ile lugha ya mbali, sahani zinagongana, mlango unafunguliwa, mwanamke anaanza kulia.

Alipapasa meza, akapata mkasi, akapata shati, akajigusa macho na kukuta yako wazi. Harufu ya kitambaa kilichoungua ilikuwa imejaa chumbani.

"Nani kaingia?" akauliza.

Kiti kilitoa mlio mdogo, kama vile mtu amejiweka sawa.

"Imeisha, mwanangu," ikajibu sauti ya mama yake. "Kalale."

Kwenye runinga yule mwanamke aliendelea kulia.