Maji ya Jicho la Rwezaura

Daktari Egbert alifika Bweranyange jua likizama, amenuna. Kwake kisa kizima kilikuwa upuuzi. Rwezaura, mkulima wa kahawa, alikunywa rubisi, pombe ya ndizi, nyumbani kwake, akaanguka, akafa. Ukoo ukasema mkewe, Immaculata, kamroga. Vijana walishaapa kumchoma moto. Aliyewazuia ni mwenyekiti wa kitongoji, aliyeahidi kwamba serikali itampima marehemu kwanza.

“Uchawi, uchawi,” Egbert alimwambia Privatus, askari aliyemwendesha. “Watu wazima na meno yao.”

Hakuna aliyekubali kuingia chumbani ila mjane, akashika tochi. Harufu ya ndizi zilizochacha ilikuwa nzito. Daktari akachukua damu ya pajani, akachukua mkojo. Kisha akachoma macho kwa sindano, akavuta ute wake taratibu...

Macho yakazama.

Kazi hii ina adabu yake. Ukishavuta, unajaza maji safi palepale, jicho litune tena, ndugu wasishtuke. Bwana mkubwa alikuja na chupa ya maji hayo. Alikuwa ameyamalizia mlangoni, akiosha tope la kijijini kwenye viatu vyake.

“Waitu, tafadhali, daktari,” Immaculata alinong’ona. “Usimwache hivi. Wanakuja kumuaga sasa hivi.”

“Kwani anakwenda kupiga picha?”

Akafunga boksi la sampuli. Alipogeuka, kitu kikamshika mkono wa koti.

Akavuta. Kikavuta.

Kilikuwa kidole cha marehemu, kimenasa kwenye kifungo. Kimenasa tu, alijiambia, akakinasua na kutoka bila kuaga mtu.

Walikuwa wanakaribia Bugene simu ilipoita. Egbert akaiweka kwenye spika. Mwenyekiti alikuwa anahema.

“Daktari, rudi. Wamefunua sanda. Wanasema mkewe kamnyonya macho. Njoo useme ni wewe.”

“Waambie wasubiri majibu ya maabara.”

“Yanatoka lini?”

“Miezi mitatu,” Egbert akasema, akacheka kweli, maana aliona kijiji kizima kikisubiri karatasi ambayo hakuna wa kuielewa.

Privatus akapunguza mwendo. “Tugeuze, daktari?”

“Endesha. Nimechoka na hawa washamba.”

Kwenye simu mwanamke alipiga yowe moja refu. Mwenyekiti akaita watu kwa majina, akiwasihi. Halafu kelele zote zikawa mbali, kana kwamba mlango umefungwa.

Mtu akapumua karibu na kipaza sauti.

Harufu ya rubisi ikajaa gari.

“Daktari...” Sauti ilikuwa ya mwanamume, pole, ya mtu aliyeamka sasa hivi. “Mbona hapa giza? Namsikia mke wangu analia. Wanaomburuta siwaoni... ni akina nani?”

Simu ikakatika.

Privatus alisimamisha gari, akauliza kwa sauti ya chini huyo alikuwa nani. Egbert alishika kifungo cha koti lake. Hakuwahi kumsikia mtu yule akisema neno hata moja, lakini alimjua.