Kinyozi Aliyesoma Hukumu Nusu

Kinyozi wetu aliipenda kazi yake, lakini kesi za watu alizipenda zaidi. Kila asubuhi aliegemeza simu kwenye kioo, akafungua blogu ya mwanasheria mmoja anayechambua hukumu za mahakama. Alinyoa huku akisoma kwa sauti. Kichwa cha mteja kikiisha, na kusoma kumeisha. Wenye upara waliambulia kichwa cha habari tu. Wateja walimwita Wakili, naye hakukataa.

Siku moja mwenye nyumba alimshtaki. Alitaka kumtoa ili mpwa wake auze simu pale, ingawa mkataba wa kinyozi ulikuwa haujaisha. Tena chumba cha nyuma ndimo walimolala kinyozi, mkewe na watoto. Wito, yaani karatasi ya kumwita mahakamani, ukabandikwa mlangoni.

"Baba watoto, kesi ni wiki ijayo," mkewe alisema. "Utavaa shati gani?"

"Siendi."

"Huendi?"

"Sheria naijua, mama. Nimesoma kwenye blogu. Mpangaji mmoja alibandikiwa wito mlangoni, akashindwa kesi, kisha mahakama ikafuta ile hukumu. Wito wa mlangoni si kitu!" Akaikunja karatasi, akaisukuma chini ya mguu wa kiti kinachoyumba.

"Haya, Wakili. Tukifukuzwa tutalala kwenye blogu." Mkewe alitoka amekasirika, na hofu imemjaa. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yao, karani mstaafu wa mahakama.

Karani alikuwa hajanyoa tangu astaafu. Akaja, akaketi. "Ninyoe, na unisomee hiyo kesi ya wito. Usiruke hata mstari."

Kinyozi akasoma kwa madaha. Upande wa kushoto ukaisha, nywele bado tele. Ikabidi aendelee kusoma, na sauti ikaanza kupungua. "'Wito ulibandikwa bila ruhusa ya mahakama...'"

"Na wako?" Karani akainama, akaichomoa ile karatasi. Kiti kikayumba naye. "Huu hapa muhuri. Mahakama iliruhusu. Endelea."

"'Mpangaji alipopata habari, alikimbilia mahakamani kuomba hukumu ifutwe...'" Mashine ikanyamaza.

"Umeona? Wewe ulisikia alishinda. Hukusikia kwamba alikwenda," karani alisema. "Kila kesi ina mambo yake, bwana. Hukumu ya mwenzio inaweza kukusaidia kama mambo yenu yanafanana. Hata hiyo, mahakama ya juu inaweza kuitengua. Blogu inakufumbua macho, lakini haiwezi kusimama kizimbani badala yako. Usipofika, hakimu anaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu."

Kinyozi alijisikia mdogo kuliko kitana chake. "Sasa nifanye nini? Wakili wa kulipa sina."

"Nenda ofisi ya msaada wa kisheria, ni bure. Watakusaidia kuandika majibu. Beba mkataba wako. Siku ya kesi fika mapema, na ujibu ulichoulizwa tu. Na umalize kichwa changu, nisichekwe njiani!"

Kinyozi alifanya hivyo hivyo. Siku ya kesi mwenye nyumba aliingia akitabasamu. Alipomwona kinyozi na mkewe wameketi mbele, tabasamu likayeyuka.

Hakimu aliusoma mkataba. "Mpangaji huyu amekosa nini?" akauliza.

Mwenye nyumba akamtazama mpwa wake. Mpwa akatazama dari.

Kesi ikatupwa. Kinyozi angebaki mpaka mkataba uishe. Mkewe alilia kwa furaha pale pale, mbele ya askari wa mahakama.

Siku chache baadaye mwenye nyumba aliingia kwa kinyozi, ndevu zimemjaa. Kinyozi mwingine alikuwa mbali. Akaketi, akainua shingo.

"Tumeyamaliza, sivyo?"

"Tumeyamaliza," kinyozi akasema, akifungua wembe mpya.

Mwenye nyumba akameza mate. "Unajua, hata mkataba huu ukiisha, nitakupa mwingine."

Kinyozi akauweka wembe mezani.

"Ahsante, mzee. Basi tuandikiane kwanza, na shahidi awepo. Halafu ndipo nikunyoe."