Mahali Nimeshapata

Kivuko kilikuwa kimekwama upande wa Busisi, na huku Kigongo watu walijaa mpaka wauza samaki wakakosa pa kupita na masinia yao. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, mteremko wa kushukia majini umekuwa utelezi mtupu. Katika teksi moja nyeupe, kiti cha mbele, alikaa Kemilembe, gauni lake la maua ya zambarau amelikunja magotini kukwepa tope, furushi la vitenge analipakata kama mtoto.

Gari likateleza kidogo. Mbele ya usukani ikawaka taa ya njano: kigari kidogo, na nyuma yake mistari miwili iliyojipinda.

"Kaka, hao nyoka wawili wanatufuata wanataka nini?"

Dereva akacheka. Alikuwa kijana mweusi wa kung'aa, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. "Si nyoka, dada. Wanasema gali linateleza."

"Hilo nimeliona mwenyewe, bila taa."

"Humo ndani kuna kitu kinalishika lisiyumbe. Kikipata hitilafu, taa inawaka."

"Gali," Kemilembe alirudia, akizuia kicheko. "Hebu sema gari."

"Gali."

"Sema barabara."

"Balabala. Na wewe sema Mayala, ndilo jina langu. Hilo halitakushinda."

Kivuko kilipofika, dereva na abiria wake hawakuwa na haraka tena.

Kemilembe alikuwa fundi cherehani Kirumba, mjini Mwanza. Tangu siku ile, jioni zikawa na mlio wake: honi fupi mara mbili, kisha Mayala kuegemea mlango, ananukia sabuni na petroli kwa pamoja. Walikuwa wakikaa juu ya mawe kando ya ziwa, wanakula karanga.

"Muhaya wangu, mvua zikiisha naenda Muleba kwa baba yako. Siendi mikono mitupu."

"Usichelewe, ngosha, Msukuma wangu. Shangazi ameleta habari. Kuna mwalimu anaitwa Muganyizi, ameshapiga hodi nyumbani. Baba anasema kahawa ikimaliza kuvunwa atampa jibu."

"Kahawa haitanishinda mbio."

Lakini taa ile ilikataa kuzimika. Gari lilitoka Japani kupitia Dubai, na mafundi wa mjini walikuwa hawajazoea ugonjwa huo. Mmoja alisafisha vidude vya kwenye magurudumu. Mwingine akabadilisha breki zote. Wa tatu akasema ni kompyuta, iagizwe Dar es Salaam, na bei yake Mayala hakuitamka mbele ya Kemilembe. Kila alichokuwa akiweka kwa ajili ya safari ya Muleba kiliishia gereji.

"Si uwaambie wang'oe balbu?" Kemilembe alimwuliza. "Wenzako wote wanang'oa."

"Nikiing'oa, gali litakuwa limepona au limenyamaza?"

"Na mimi nikinyamaza, utasema nimepona?"

Siku hiyo hakumaliza karanga zake.

Duka la dawa la jirani lilikuwa na simu. Mchana mmoja Nice, mwenye duka, akamwita, "Kemi, ngosha wako huyu." Nje lori lilikuwa linashusha mabati, na laini yenyewe inakwaruza.

"Kemi, mama. Mahali nimeshapata."

Kemilembe alifumba macho. Fundi mwingine tena. "Mahali gani, Mayala?"

"Sasa si maneno matupu. Iko Buswelu kwa mjomba. Nipeleke lini?"

"Nimechoka. Peleka unakotaka, kwangu usilete tena mambo hayo."

Mabati yakalia. "Unasema kweli?"

"Kweli kabisa. Mpelekee anayetaka."

Simu ikakatwa.

Jioni ile honi haikupigwa, wala ya pili yake. Alipokwenda kwenye kituo cha teksi, madereva walimwambia Mayala ameacha kazi, hawajui yuko wapi.

"Alikwambia amepata mahali," Nice alisema, akihesabu vidonge. "Mwanaume akisema amepata mahali, dada yangu, mwache aende. Amepata."

Kemilembe akarudi kwenye cherehani. Kila gari jeupe lilipopita, mguu wake uliganda juu ya pedeli. Simu ya Nice ikilia, mshono unakwenda upogo, anaufumua, anaanza upya. Usiku hakumkumbuka Mayala kwa maneno makubwa. Alikumbuka ile "balabala". Aliitamka peke yake gizani, lakini kinywani mwake haikuwa tamu. Upepo wa ziwa ukawa mkavu. Shangazi akaleta habari kwamba Muleba kahawa imeanza kuiva.

Ndipo gari lile likaja lenyewe. Lilisimama mbele ya kibanda, akashuka mwanaume mnene mwenye suruali mpya ya kupunguzwa. Kemilembe hakuipokea suruali. Alikwenda moja kwa moja akainama dirishani.

"Nyoka bado wanawaka."

"Unawajua?" mwanaume aliuliza. Aliitwa Obedi, Mjaluo wa Shirati anayekaa Kiseke, na r yake ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. "Aliyeniuzia hakunificha. Alinionyesha taa kabla ya injini, akanipunguzia bei. Nikamwuliza, kijana, mbona unauza jembe lako? Akasema anataka ng'ombe wa mahari, kuna binti wa Kihaya."

"Wa nini?"

"Wa mahari."

Kemilembe alishika mlango wa gari. Mayala alisema *iko*. Mahali pangekuwa *pako*. Siku zote yeye alimcheka kwa r hiyohiyo, na siku moja aliyotakiwa kuisikia, hakuisikia.

"Kaka Obedi, nipeleke Buswelu. Suruali nitakushonea bure."

Mjomba Ndalahwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasuka kamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekataa ng'ombe?"

Mayala alitokea nyuma ya zizi, gambuti zimejaa matope, shati jeupe halipo. Alikuwa amekonda. Aliangalia gari kwanza, kwa sababu kumwangalia Kemilembe hakuweza.

"Gali bado linawaka taa."

"Linawaka. Mayala, siku ile kwenye simu ulisema umepata nini?"

"Mahali."

"Sema mahari."

"Mahali."

Kemilembe akafunika uso kwa kitenge, na haikujulikana analia au anacheka. "Mimi nilisikia fundi. Nilidhani umepata mahali pengine pa kupeleka gari."

Mayala akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na mimi nikasikia nimpelekee anayeitaka."

"Umempelekea?"

Alionyesha kwa kidevu. Ng'ombe walikuwa wanakula majani, wametulia, kama wageni walioambiwa wasubiri. "Nani mwingine angeitaka?"

"Kahawa bado haijaisha," alisema Kemilembe. "Lakini mbele ya baba neno hilo usiliguse. Atadhani unatafuta kiwanja." Akageuka. "Kaka Obedi, utakubali kuwa mshenga?"

"Kwa suruali ngapi?" Obedi aliuliza.

"Na mimi huko nitasema nini?" Mayala aliuliza, akimsogelea polepole, mikono ameificha nyuma kwa sababu ya tope.

"Huko utanyamaza. Ila sasa hivi, sema gari."

"Gali."

"Rudia," alisema Kemilembe, macho ameyafumba. "Rudia tena."