Kucha Ndani ya Karatasi

Fundi alikaa kwenye cherehani yake, mlangoni, penye mwanga. Asubuhi hiyo alikanyaga pedali mara tatu tu, akaachia.

"Yalaa!"

Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba na kinawaka moto. Kucha ilikuwa imejipinda, ncha yake imezama kwenye nyama. Na sare kumi na mbili za shule zilikuwa zinamsubiri.

"Bado mguu, wifi?" aliuliza dada wa mumewe, aliyekuja kukaa nao mwezi uliopita. "Haya, kunywa chai kwanza."

Fundi alipokea kikombe. Akakinusa. Akakinusa tena. Halafu akakiweka chini.

Ukweli ni kwamba Fundi hakumwamini huyu wifi hata chembe. Hebu fikiria mwenyewe. Mtu kaja na zawadi ya viatu, vyeusi, vya kung'aa, vyembamba mbele. Fundi kavivaa wiki mbili, kidole kikaanza. Nani anakuletea viatu siku ya kwanza, hata hamjazoeana? Huyu ana lake jambo, Fundi alijiambia.

Juzi ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Fundi alikata kucha kwa mkasi wake wa nyuzi, akaziacha sakafuni, akaenda kumpokea mteja. Aliporudi alimkuta Wifi ameinama. Anaokota zile kucha moja moja. Anazifunga kwenye karatasi. Anatia mfukoni!

Fundi alirudi nyuma kwa kunyata. Kucha zangu anazipeleka kwa nani? Hakumuuliza. Alimsubiri mumewe arudi kutoka kazini, akamwambia, "Mwisho wa wiki dada yako arudi kwao. Sitaki maswali."

Sasa Wifi alitoka bila kuaga. Akarudi na muuguzi wa zahanati, mama mnene mcheshi.

"Mmekula njama," Fundi alisema, akaficha mguu chini ya sketi. "Umekuja kuning'oa kucha?"

"Nikiing'oa nitaipeleka wapi?" alisema Muuguzi. "Lete mguu huo."

Hapo Wifi akatoa ile karatasi mfukoni. Fundi alisimama kwa mguu mmoja.

"Hizo ni kucha zangu! Uliziweka za nini?"

"Nimwonyeshe Muuguzi," alisema Wifi. "Mguu wako hutaki mtu auguse. Ningefanyaje?"

Muuguzi alifungua karatasi. Vipande vile vilikuwa vya pembetatu.

"Fundi, kucha unaikataje?"

"Napunguza pembe, mpaka ndani. Kama kola. Usipopunguza pembe, kola haigeuki vizuri."

Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu. "Kola haioti, mwenzangu! Kucha inaota. Ukiikata pembe, nyama inafunika pale. Kucha ikiota tena, inaichoma nyama. Na viatu vya kubana vinazidi kuikandamiza."

"Viatu!" Fundi alimgeukia Wifi. "Si nilijua mimi?"

Wifi aliinama. "Sikujua vitakubana, wifi. Nilitaka unipende tu."

Fundi alikaa tena kitini, akanyoosha mguu.

Muuguzi alimuuliza kama ana kisukari. Hana. Akakitazama kidole kwa makini. Hakukuwa na usaha.

"Bahati yako. Hiki tutakitibu hapahapa nyumbani. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu, robo saa, mara tatu kwa siku. Ukaushe vizuri. Vaa ndala. Na usichokonoe hiyo pembe, nakujua! Kucha ikikua, ikate kwa mstari ulionyooka, kama pindo la sketi. Isiwe fupi sana. Pembe ziache."

"Na kisipopona?"

"Ukiona usaha, uvimbe ukizidi, au ukipata homa, njoo zahanati haraka. Mwenye kisukari yeye asisubiri hata siku moja. Hajitibu nyumbani."

Wifi alileta beseni. Fundi alichovya kidole cha mkono kwanza, akanusa. Maji matupu. Aibu ikamshika, akatumbukiza mguu.

Wiki ile waliweka viti viwili kwenye cherehani. Wifi alikanyaga pedali, Fundi akaongoza kitambaa. "Polepole, wifi, hatukimbizwi!" Walicheka mpaka wakapinda mshono, wakafumua, wakashona upya. Sare zote zilikuwa tayari kabla shule hazijafunguliwa.

Uvimbe ulipungua siku baada ya siku. Kucha ilipotokeza juu ya nyama, Fundi aliikata kwa mstari ulionyooka. Vile viatu vyembamba walivirudisha dukani, wakaongeza pesa kidogo, wakabadilishiwa vipana.

"Kwa hiyo dada yangu anaondoka lini?" mumewe aliuliza.

"Aende wapi? Usinichoshe." Fundi alimgeukia Wifi. "Nilikudhania vibaya, wifi. Nisamehe."

"Nilijua zamani," alisema Wifi. "Chai yangu ulikuwa unainusa kama samaki wa juzi."

Akamwekea kikombe mezani. Fundi akakichukua, akanywa yote bila kunusa.